Pai za Mama na Dhahabu ya Mto Yuba

Ukingo wa Shoka, Mto Yuba, California
11 Novemba 1849

Mama mpendwa,

Nimefika, niko hai, na meno yangu yote yapo. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua ndilo utakalolitafuta kabla ya kusoma neno jingine. Melini tulikaa miezi sita na siku tisa, tukila maharage asubuhi na jioni, mpaka nikaapa kwamba nikishuka nchi kavu sitayagusa tena. Kumbe huku ndiyo chakula chenyewe.

Sasa habari kubwa. Jana nilipata wakia nzima ya dhahabu kwa siku moja. Hiyo ni dola kumi na sita, Mama. Kule kwenye kinu cha kupasulia mbao cha Mzee Wadhams nilikuwa napata dola moja kutwa, na jioni anataka nimshukuru. Mfikishie salamu, na umtajie hiyo wakia.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Unasimama mtoni maji yakiwa magotini, unajaza karai mchanga, unalizungusha na kumwaga, kuzungusha na kumwaga, mpaka unabaki mchanga mweusi kiganja kimoja, na ndani yake kijistari cha njano. Mgongo unauma, lakini ukikiona kile kijistari unasahau kwamba una mgongo.

Nimejiunga na watu wema. Mkubwa wetu ni Hosea Tuttle, aliyekuwa mwalimu wa kwaya Connecticut. Ana mawazo makubwa na sauti nzito kuliko mawazo yake.

Vitu ni ghali kidogo. Ratili ya unga ni dola moja, yai moja dola moja, buti nimenunua kwa dola arobaini. Kuituma barua hii tu nimemlipa mbeba barua dola mbili. Lakini mtu mwenye dhahabu mfukoni hasumbuki na vitu vidogo. Mwakani matufaha yakiiva nitakuwa nyumbani, na lile paa linalovuja nitaliezeka upya.

Mwanao,
Orrin Peaslee


Peacham, Vermont
27 Januari 1850

Mwanangu Orrin,

Barua yako nimeisoma mara tatu: ya kwanza kwa machozi, ya pili kwa kicheko, ya tatu kwa penseli.

Unasema jana ulipata wakia. Juzi je? Juzi hukuitaja. Nakujua tangu ukiwa tumboni; ungepata kitu juzi ningekisoma kwenye mstari wa kwanza. Na unga wa dola moja kwa ratili, wewe unayekula mkate mzima ukiwa umesimama, unakutosha siku ngapi? Usiniambie ulichopata. Niambie kilichobaki. Nimeishi na baba yako miaka ishirini na sita, Mungu amlaze pema, na tofauti ya vitu hivyo viwili naijua vizuri.

Ulikuwa na miaka saba alipoleta miche mia nne ya miforsadi, miti ya kulisha viwavi wa hariri, kutoka Hartford. Aliniambia, "Lovina, miaka mitatu tu, kila mwanamke wa Vermont atavaa hariri ya viwavi wetu." Viwavi waliona baridi ya Aprili moja tu, wakafa wote, na miche ikafa nao. Nchi nzima ilikuwa na wazimu huo, na sijamwona mtu hata mmoja aliyetajirika kwa hariri. Waliotajirika ni waliouza miche. Yule aliyemuuzia baba yako alijenga nyumba ya matofali yenye ngazi mbili. Basi nakuuliza: huko kwenu, ni nani anayejenga nyumba ya matofali?

Hapa theluji imefika madirishani. Mzee Wadhams anakuja kila Alhamisi kuulizia kama ninauza ng'ombe. Anakaa sebuleni saa mbili akimsifu ng'ombe, huku macho yapo kwenye shamba langu la matufaha. Sidhani kama amewahi kumtazama ng'ombe mwenyewe.

Funga shingo ukienda mtoni. Na uniambie, Jumapili mnakula nini?

Mama yako,
Lovina Peaslee


Ukingo wa Shoka
30 Machi 1850

Mama mpendwa,

Hapa hakuna nyumba ya matofali. Kuna ya mbao, yenye vioo madirishani, na ni ya mwenye duka. Tulikuja naye meli moja. Wenzake tulibeba ndoto, yeye alibeba sepetu mia mbili. Sijawahi kumwona amelowa miguu. Haya, umefurahi?

Umeuliza Jumapili tunakula nini. Tunakula maharage. Ila Jumapili iliyopita alipita mtu na nyumbu, nyumbu amebeba masanduku, masanduku yana pai za matufaha makavu. Tuttle akaichukua moja, akaigonga kwa kidole, akamuuliza, "Ndugu, hii ni pai au ni soli?"

Yule mtu akajibu, "Soli ni dola tatu. Hii ni dola moja."

Zilikuwa thelathini na mbili. Ziliisha kabla nyumbu hajafunguliwa mzigo. Wanaume wenye ndevu mpaka kifuani walilamba karatasi. Yangu niliila nimegeukia mti, wasinione uso. Haikuwa pai nzuri, Mama. Ilikuwa ngumu, haina mdalasini, na nadhani mafuta yalikuwa ya mishumaa. Lakini ilikuwa pai.

Kuhusu kilichobaki, subiri kidogo, maana sasa tumeacha mambo ya karai. Tuttle amegundua kwamba dhahabu yote nzito iko chini kabisa, kwenye sakafu ya mto, mahali karai haliwezi kufika. Kiangazi hiki tutajenga ukuta, tuupeleke mto pembeni kwa mfereji, halafu tutembee pale chini kama watu wanaookota matufaha. Tuko ishirini. Kila mmoja anatoa dola mia mbili na nguvu zake. Nimeshaweka jina langu.

Na huyo Mzee Wadhams, mkubalie tu. Ni mtu wa kanisa, ana kuni za kutosha, na mwanamke wa miaka hamsini na moja anahitaji mtu wa kumtazama na mahali pa kupumzika.

Mwanao,
Orrin


Peacham
19 Mei 1850

Orrin,

Nimeupokea ushauri wako kuhusu umri wangu. Niliusoma nikiwa juu ya paa, nabadilisha vigae.

Mzee Wadhams amemnunua ng'ombe. Nilipomtajia bei akakohoa, akasema, "Lovina, mimi nilikuwa na maana kwamba ng'ombe abaki hapa hapa, na mimi ndiye nihamie."

Nikamwambia, "Hapana, Mzee. Anayehama ni ng'ombe."

Amelinunua na shamba la matufaha. Bei ilikuwa nzuri, kwa sababu alikuwa na hasira.

Nina maswali machache. Unga huko unapatikana miezi yote, au kuna wakati mito inafunga njia? Kuni je, mtu anakata bure au analipia? Yule mwenye nyumbu, hizo pai alizipika wapi, kwenye jiko la chuma au kwenye shimo la mawe? Na mdalasini hakuwa nao kwa sababu haupatikani, au kwa sababu ni mvivu? Nauliza kwa kutaka kujua tu.

Usiniandikie hapa mpaka nikuambie. Posta yetu inafanyiwa matengenezo.

Mama yako,
Lovina


Ukingo wa Shoka
18 Agosti 1850

Mama mpendwa,

Umesema nisiandike, lakini miezi imepita bila neno lako, na posta gani hiyo inayotengenezwa mpaka leo? Naandika hivyo hivyo.

Kwanza, usiwe na wasiwasi. Ninakula vizuri, nimenenepa, nina koti jipya la sufu. Mfereji wetu umefika hatua mia tatu na ukuta umeanza kuonekana. Tuttle anatuimbisha tukibeba mawe. Watu wa kambi ya chini wanadhani sisi ni madhehebu fulani.

Maswali yako ya pai yamenichekesha, kwa sababu huku sasa hakuna habari nyingine. Inasemekana kuna mwanamke ameshuka kwenye stima hapo Marysville, ana jiko la chuma na mapipa ya matufaha makavu, na anauza pai ambazo vijana wanatembea maili arobaini kuzifuata. Wanasema ni mkali kupita kiasi. Mtu akija na mikono michafu anamwonyesha ndoo ya maji, hata awe na dhahabu kiasi gani. Nilipoisikia habari ya ndoo nilikukumbuka wewe. Ila nikajiambia, Mama akiona boti la kuvukia bwawa la Peacham tu kichwa kinamzunguka.

Mwanao aliyenenepa,
Orrin


Marysville, California
22 Agosti 1850

Mwanangu mnene,

Jana mbeba barua wako alisimama kwenye kibanda changu kula pai. Alipomaliza akainua macho, akakisoma kibao: L. PEASLEE, PAI ZA VERMONT, NAWA MIKONO. Akasema, "Mama, kuna ajabu hapa. Nina barua ya mtu wa jina hili hili, inakwenda Vermont."

Nikamwambia, "Basi umeokoa safari. Vermont yote iliyobaki imesimama mbele yako."

Ni kweli, kichwa kilinizunguka. Kilianza kuzunguka New York na kikaacha Panama, na kuvuka Panama kwa nyumbu nitakusimulia siku ambayo sina unga mikononi. Hapa nina wiki nne. Sikukuandikia mapema kwa sababu nilitaka kwanza nijue kama nitasimama kwa miguu yangu. Nisingevuka nusu ya dunia kuja kuwa mzigo wako.

Sasa sikiliza hesabu ya kweli. Pai moja inanigharimu senti arobaini na tano, pamoja na kuni. Naiuza dola moja. Siku mbaya nauza hamsini, Jumapili mia. Sijawahi kulowa miguu. Matufaha ni ya shamba lile lile alilolinunua Mzee Wadhams; ya msimu uliopita nilikuwa nimeshayakausha na kuyatia kwenye mapipa, na hakuniuliza.

Nimemuuliza mbeba barua kuhusu unene wako. Alikohoa kama Mzee Wadhams. Anasema buti zako umezifunga kwa kamba, na ukicheka fizi zinatoa damu. Orrin, hicho ni kiseyeye. Anakuletea gunia la viazi na vitunguu. Uvile vibichi, pamoja na siki, kila siku, hata kama unalia. Pai kumi na mbili ni za wenzako. Na hilo koti la sufu, siku ukilipata, nitafurahi kuliona.

Mama yako,
Lovina


Ukingo wa Shoka
1 Septemba 1850

Mama,

Nilidhani mbeba barua amelewa.

Nakula vitunguu. Ninalia, na ninakula.

Kuhusu koti, nilitaka ulale vizuri. Ukweli ni kwamba tangu Machi sijapata hata senti, maana kila nilichokuwa nacho kimo ndani ya ukuta huu.

Umenipa kazi ya kuchekwa. Siku gunia lilipofika walipanga mstari kunipongeza. "Peaslee, mama amekuja kukuvalisha soksi." "Peaslee, umeomba ruhusa ya kuingia mtoni?" Wakaendelea hivyo mpaka wakafungua sanduku la pai. Baada ya hapo Tuttle, ambaye ana miaka arobaini na minne, akaniuliza kwa adabu kama mama yangu angekubali kulea mtoto mwingine.

Sasa naomba jambo, na naliomba kama mtu mzima. Ukuta umebakiza hatua ishirini. Mbao zimetuishia. Tukipata mbao za dola mia tatu wiki hii, mto utakauka kabla ya mvua, na utarudishiwa mara tano. Wewe unazo. Umesema mwenyewe kwamba Jumapili unauza mia.

Mwanao,
Orrin


Marysville
5 Septemba 1850

Mwanangu,

Ninazo, na sikupi.

Nimewauliza watu wanne walioshuka kutoka mito mingine. Kuta kumi na moja zimejengwa mwaka huu. Zilizokausha mto ni mbili tu, nikauliza zilipata nini. Moja ilipata mchanga. Ya pili walipata dhahabu, wakaigawa, kila mmoja akapata mshahara wa mfanyakazi wa shamba. Na wote wanne, wakati wananieleza hayo, walikuwa wakinunua mbao za ukuta mwingine.

Ninachoweza kukupa ni kazi. Nahitaji tanuri la matofali, kubwa, la kuoka pai arobaini kwa mara moja. Hapa hakuna fundi asiyekimbilia mtoni. Nitalipa dola nane kutwa, na chakula.

Mama yako,
Lovina


Ukingo wa Shoka
8 Septemba 1850

Mama,

Sihitaji kuajiriwa na mama yangu.

Baba naye ulimfanyia hivi hivi. Kila alichokianzisha ulikipigia hesabu mpaka kikafa, na halafu ukacheka. Nilikuwa mdogo lakini nilikuwa nasikia, jikoni, unavyocheka. Alikufa akijua kwamba ameshindwa kila kitu. Mimi sitaki kushuka huko nije kuwa kichekesho chako cha pili.

Mbao tumezipata. Mwenye duka ametukopesha.

Orrin


Marysville
12 Septemba 1850

Mwanangu Orrin,

Leo nimefunga kibanda. Wateja wamesimama nje wananilaani, waache.

Ulisikia nikicheka, na ni kweli nilicheka. Hukuona tulichokuwa tunacheka. Usiku ule viwavi walipokufa baba yako aliingia jikoni na mmoja kiganjani, akamlaza juu ya meza, akavua kofia, akasema, "Mpendwa marehemu alikuwa na matarajio makubwa." Tulicheka mpaka tukashikana. Tulikuwa tumepoteza kila kitu, Orrin, na nilicheka na mume wangu. Asubuhi yake nilikwenda mjini Barnet nikauza vijiko vya fedha vya mama yangu, nikanunua miche mingine. Mimi ndiye niliyenunua ile ya mara ya pili. Hakuniomba. Hukuwahi kuambiwa kwa sababu niliona aibu kwamba mwenye hesabu wa nyumba ndiye aliyekuwa mjinga zaidi.

Alipokufa hakuwa mtu aliyeshindwa. Alikuwa ananieleza habari za kufuga nyuki.

Na tuseme yote, maadamu kibanda kimefungwa. Unaamini kwamba nimekuja kukuokoa. Watu wote hapa wanaamini hivyo, na mimi nimewaachia, kwa sababu linampendeza kila mtu. Sikuja kukuokoa. Siku nilipoisoma barua yako inayosema nahitaji mahali pa kupumzika, niliangalia kutoka juu ya paa, nikaona kinu, kanisa, na Mzee Wadhams anakuja barabarani kuulizia ng'ombe, nikajua kwamba nikikaa nitaviona vitu hivyo vitatu mpaka nife. Wewe ulikuwa sababu nzuri ya kuwaambia majirani.

Mbao sikupi hata sasa. Lakini kama unataka kukaa uone mwisho wa ukuta wako, kaa, mwanangu. Mtu akianza jambo ana haki ya kuuona mwisho wake. Nimekutumia buti. Si mkopo wala si mshahara, ni buti.

Mama yako,
Lovina


Ukingo wa Shoka
3 Novemba 1850

Mama,

Nisamehe. Nimelibeba neno hilo wiki saba na sikujua pa kuliweka, kwa hiyo naliweka mwanzo.

Ukuta umeondoka. Ulisimama vizuri, Mama. Mto uligeuka kama tulivyopanga, na kwa siku tisa tulitembea juu ya sakafu yake. Dhahabu ilikuwepo. Tulitoa dola elfu mbili na mia tisa. Siku ya kumi mvua ilianza huko juu milimani, na ilipofika mchana maji yalikuwa rangi ya kahawa na kelele zake zinasikika kambi ya pili. Tulipanda juu tukakaa kwenye majabali, watu ishirini, tukiangalia. Ubao mmoja ulitoka, halafu tatu, halafu mto ukachukua kilichobaki kwa pamoja, kama mtu anayevuta kitambaa cha meza.

Tuttle akasimama, akatazama kule chini, akainua mkono na kutupa sauti ya kuanzia. Tukaimba wimbo wa kanisa mpaka mwisho, kwa sauti nne, wote, na mvua inatupiga. Sijui kwa nini nilikuwa na furaha. Nilikuwa na furaha kuliko ile siku ya wakia.

Mwenye duka alilipwa mbao zake wa kwanza. Baada ya hapo kila mtu alipata dola mia moja na thelathini, kwa kazi ya miezi saba na mia mbili alizoweka mwenyewe. Nimeipigia hesabu kwa penseli. Kule kwa Mzee Wadhams ningekuwa nimepata zaidi, na ningelala kitandani.

Nimekuwa nikimwaza yule kiwavi mezani. Sikumbuki Baba akivua kofia. Natamani usiku ule ningeinuka kitandani nikaja jikoni.

Nikishuka, ile kazi ya tanuri bado ipo? Na kuna mwalimu wa kwaya hapa anayeuliza kama unahitaji mtu wa kunadi pai barabarani. Anasikika maili moja.

Mwanao,
Orrin


Marysville
4 Mei 1851

Kwa Bi Lovina Peaslee, Ukingo wa Shoka, hema la tatu kutoka majini

Mama mpendwa,

Uliahidi kutuandikia kila baada ya siku tatu. Leo ni ya sita. Mbeba barua anasema alikuona umesimama mtoni umekunja gauni kiunoni, umevaa suruali yangu ya zamani, na alipokusalimu ukamwambia asikukatishe.

Hapa kazi inakwenda. Matanuri yote mawili yanawaka tangu alfajiri. Pai zinatoka mia na arobaini kwa siku, na Tuttle anaziuza mpaka kwenye stima kabla hazijatia nanga. Lakini ukweli lazima niuseme: ukoko wangu wa pai hauwi kama wako. Jana mzee mmoja wa Kentucky aliuma mara moja, akaniangalia kwa huruma, akauliza, "Mama amekwenda wapi?"

Nikamwambia, "Amekwenda kutafuta dhahabu."

Akashusha pai, akasema, "Kwani na yeye hakuambiwa?"

Kwa hiyo nakuuliza kama mshirika mwenye nusu ya kibanda. Ulisema umetenga dola arobaini za kuchezea, bila hata senti zaidi, na kwamba ni wiki moja tu, upate kuona kwa macho yako mambo yaliyomwingiza mwanao kwenye maji ya magoti. Wiki inakwisha. Jumamosi nije kukupokea na nyumbu?

Mikono ninanawa.

Mwanao,
Orrin


Ukingo wa Shoka
7 Mei 1851

Mwanangu na mshirika wangu,

Ukoko wako hauwi kwa sababu unaukanda kama unapasua mawe. Maji yawe baridi, mafuta yawe baridi, mikono iwe na haraka. Mwambie yule mzee wa Kentucky kwamba niliambiwa, na niliwaambia wengine pia.

Siku mbili za kwanza sikupata kitu isipokuwa mafua. Vijana wa hapa walikuja kunifundisha kushika karai, watano kwa wakati mmoja, kila mmoja na namna yake, mpaka nikawaonyesha njia ya majabalini. Siku ya tatu, mchana, nilizungusha kama ulivyonieleza kwenye ile barua ya kwanza, nikamwaga, nikazungusha, na kwenye ule mchanga mweusi pakabaki kipande kikubwa kama punje ya mtama. Njano, Orrin. Kimetulia pale chini, kinanitazama. Nilikaa majini nilipokuwa, na gauni langu na suruali yako, na nikacheka kwa sauti mpaka watu wa ng'ambo wakasimamisha kazi. Nadhani nilikuwa namsimulia baba yako.

Sasa hesabu, kwa sababu najua unaingoja. Kwa siku nane nimepata dhahabu ya dola nne na senti kumi. Nimetumia dola thelathini na tatu, na buti zimeanza kuachia. Huko kibandani ningekuwa nimepata mara mia ya hiyo. Nimeipiga kwa kwenda mbele na kwa kurudi nyuma, na haikubali hata kidogo.

Usije na nyumbu Jumamosi hii. Njoo Jumamosi ya wiki ijayo.

Mama yako,
Lovina Peaslee, mchimbaji